Maziwa ya Bomet yanapimwa getini, dawa ya elfu arobaini inahesabiwa tu

Leo nitakosana na watu kadhaa, kwa hivyo tuanze mapema.

Kila kitu kinachotoka kwetu kinapimwa. Peleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, iwe unauzia Kapkoros, Tirgaga, Momul au Litein, uone kama karani atakuamini kwa uso. Anaingiza mkono mpaka chini ya mfuko, anapindua, anatafuta majani magumu. Anataka majani mawili na chipukizi, basi. Akikuta yale mazee umeyaficha katikati, unarudi nayo nyumbani. Chai ikifika Mombasa kuna mtu ambaye kazi yake ni kuonja na kutema, kikombe baada ya kikombe, na asipoipenda bei inashuka kabla wewe hujajua. Halafu huko Ulaya wanapima tena mabaki ya dawa za shambani.

Maziwa ndiyo usiseme. Mama anaamka saa kumi usiku kukamua, mtu wa pikipiki anapita, na saa moja asubuhi mtungi uko kwenye kituo cha kupozea maziwa. Kijana wa pale anafungua kifuniko ananusa. Anatumbukiza laktomita aone kama umeongeza maji. Kisha anachota maziwa kidogo, anayachanganya na spiriti kiasi kile kile, anazungusha kikombe. Yakibaki laini, yanaingia kwenye tangi. Yakifanya vibonge, hata viwe vidogo kama punje za unga, yamekataliwa. Usianze kuomba, hakusikii. Gari la kiwanda Sotik litamkataa yeye pia akichanganya mabovu na mazuri.

Sasa nikuambie kitu ambacho huyo kijana pengine hajawahi kuambiwa. Kile kipimo cha spiriti ni kipimo cha protini. Protini ya maziwa inaelea kwenye vidonge vidogo sana ambavyo vinakaa mbali mbali. Maziwa yakianza kuchacha, vile vidonge vinapoteza nguvu ya kusukumana. Spiriti inavinyang'anya ile ngozi ya maji iliyokuwa inavilinda, vinashikana, na wewe unaona vibonge. Kwa hivyo kila asubuhi, kutoka Longisa hadi Kapkatet, kuna vijana wanaotafuta mabonge ya protini kabla ya kupokea bidhaa ya shilingi chache kwa lita.

Shikilia hapo. Tuje kwenye dawa.

Mwaka 2025 Wizara ya Afya, SHA na kampuni ya Roche walikubaliana kuhusu Herceptin, dawa ya saratani ya matiti ya aina inayoitwa HER2. Bei ya dozi moja ikashuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na hiyo 40,000 SHA ndiyo inalipa, hadi dozi 18. Takriban mwanamke mmoja kati ya watano wenye saratani ya matiti ana aina hii. Kabla ya hapo watu walikuwa wanauza ng'ombe, wanauza kipande cha shamba, wanapiga harambee, wanapata dozi nne halafu wanaacha. Kwa hivyo mtu asije kunibandika upinzani. Hilo jambo ni zuri na ninalisifu.

Lakini wote tulipiga makofi kwa bei, tukasahau kwamba dawa inasafiri.

Herceptin si kama Panadol. Jina lake la kitaalamu ni trastuzumabu, na ni kingamwili, yaani protini kubwa iliyotengenezwa na seli hai kiwandani. Molekuli moja ya parasetamoli ina atomu 20. Molekuli moja ya trastuzumabu ina zaidi ya 20,000, na zote zimekunjwa kwa umbo maalum. Umbo ndilo dawa. Ukiipasha joto, ukiigandisha au ukiitikisa sana, ule mkunjo unaanza kufunguka. Sehemu zilizokuwa zimejificha ndani zinatokea nje, nazo zinanata. Molekuli moja inashika jirani, wawili wanashika wa tatu, na ghafla una bonge.

Watu wa chai watasema, aah, hilo tunalijua. Chai nyeusi nzuri ikiachwa ipoe inakuwa na mawingu, na muonjaji anafurahi akiona hivyo. Ni kweli, ile rangi ya chai inashikana na kafeini kikombe kikipoa. Tofauti ni kwamba chai ukiipasha tena mawingu yanaondoka. Bonge la kingamwili haliondoki. Hebu chemsha yai halafu ulirudishe liwe bichi, ukifaulu nipigie.

Na hapa ndipo mambo yanakuwa magumu, kwa sababu mabonge haya mengi huwezi kuyaona. Jicho lako zuri, bila miwani, linaona kitu cha mikromita mia hivi, unene wa unywele au zaidi kidogo. Kanuni ya Marekani inayofuatwa na viwanda vingi inahesabu chembe kuanzia mikromita 10. Kwa kichupa kidogo cha sindano, chembe za mikromita 10 kwenda juu zisizidi 6,000, na za 25 kwenda juu zisizidi 600. Soma tena hiyo namba. Kichupa chenye chembe 5,000 kinapita, na wewe ukikishika dhidi ya dirisha unaona maji masafi kama ya mto wa Mau zamani zile. Chini ya mikromita 10 kuna dunia nyingine kabisa. Mwaka 2009 wanasayansi waliandika kwamba hapo kuna pengo: mabonge makubwa yanahesabiwa, yale madogo kabisa yanapimwa, ya katikati yanapita bila kuulizwa.

Vifaa vya kuyapata vipo, na havina uchawi. Kuna mashine inayopitisha dawa mbele ya mwanga na kuhesabu kila kivuli. Kuna nyingine inapiga picha kila chembe inayopita. Kuna ile inayomulika dawa kwa leza na kusoma jinsi mwanga unavyotawanyika, maana bonge kubwa linatembea polepole kuliko molekuli moja. Na kuna kromatografia, ambayo mimi ndiyo naipenda zaidi. Wanapitisha dawa kwenye bomba lililojaa punje zenye vishimo. Fikiria soko la Kericho siku ya shughuli. Mtu wa miguu anaingia kila kichochoro, anachelewa kutoka. Lori haliwezi kuingia vichochoroni, linapita barabara kuu moja kwa moja, linatoka kwanza. Kwa hivyo kile kinachotoka kwanza kwenye bomba ni mabonge, na unajua ni asilimia ngapi ya dawa yako imekuwa lori.

Kwani mabonge yana shida gani? Shida ya kwanza ni rahisi: protini iliyoharibika haifanyi kazi, na umelipiwa 40,000 ya maji. Ya pili ndiyo inayonitoa usingizi. Mwili wetu umezoea kwamba kitu chenye protini nyingi zinazofanana zimepangwa pamoja ni kijidudu. Ukiona bonge, kinga inaweza kuamka na kuanza kutengeneza silaha dhidi ya dawa yenyewe. Ikifika hapo hata dozi inayofuata, ikiwa safi kabisa, inakuta vita.

Si hadithi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wagonjwa wa figo, wengi wao Ulaya, waliokuwa wanachomwa Eprex, dawa ya kuongeza damu, walianza kuacha kutengeneza damu kabisa. Miili yao ilikuwa imetengeneza kingamwili dhidi ya ile dawa, na kwa sababu dawa inafanana na homoni yetu wenyewe, ikashambuliwa homoni pia. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha kiungo kimoja cha kutunza protini mwaka 1998. Walibishana miaka mingi kama chanzo ni kizibo cha mpira, ni mabonge, au ni jinsi dawa ilivyohifadhiwa njiani. Baadaye, kwenye jaribio la dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, miili ya wagonjwa wawili ilitengeneza kingamwili dhidi ya dawa vile vile, na mwaka 2012 watafiti wakaeleza walichokuta: mabaki ya madini ya tangsteni ndani ya sindano, kutoka kwenye pini iliyotumika kutoboa kioo kiwandani, yalikuwa yanafanya protini ishikane. Manze, pini! Hao ni watu wenye maabara za kila aina na barabara za lami mpaka mlangoni.

Sasa turudi kwa barabara zetu.

Najua utakachosema, nimeshasikia mara mia: "Kericho ni friji tayari, dawa haiwezi kuharibika huku." Huo ni uvivu wa kufikiri. Dawa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mchana wa Kericho hauko hapo, hata Julai na ile baridi yetu ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Na joto si adui peke yake. Friji la zamani ambalo linagandisha ukutani nyuma ni hatari kuliko koti lako linavyokudanganya, kwa sababu barafu ikifanyika ndani ya kichupa cha dawa iliyo majimaji protini inasukumwa pembeni, inabanwa, inashikana. Ikiyeyuka inaonekana sawa. Mtu anaifuta umande, anairudisha mbele ya rafu, maisha yanaendelea.

Halafu kuna zaidi ya kilomita 200 kutoka Nairobi, upite Narok au upite Nakuru. Kuna stima kupotea mvua ikinyesha, na huku mvua hainyeshi kwa miadi. Kuna jenereta yenye dizeli na jenereta yenye historia tu. Kuna boksi kukaa chini ya meza ya mapokezi saa tatu kwa sababu mwenye ufunguo wa famasi ameenda mazishi.

Na hata ikifika salama, bado kuna meza ya kuchanganyia. Maelekezo ya Herceptin yenyewe yanasema unga ukishatiwa maji usitikise, zungusha polepole. Yanasema uichanganye na maji ya chumvi, si dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi inafanya protini hiyo ishikane. Imeandikwa na watengenezaji. Ni kitu ambacho muuguzi aliyechoka, ana wagonjwa 30, anaweza kukosea kwa sekunde mbili, na hakuna macho yatakayoona kosa hilo.

Nilimsindikiza shangazi yangu kwa dozi yake, hospitali sitaitaja. Nikauliza kwa heshima kama naweza kuona rekodi ya joto ya dawa tangu itoke Nairobi. Jibu la kwanza: "Wewe ni daktari?" Jibu la pili: rekodi iko kwa friji. Nikaenda nikaangalia karatasi iliyobandikwa mlangoni. Asubuhi 4, jioni 4. Asubuhi 4, jioni 4. Mwezi mzima, kalamu moja, mwandiko mmoja. Kuna siku mbili katika mwezi huo ambazo mji wote haukuwa na stima kutoka asubuhi mpaka usiku, nazo pia zilikuwa 4. Hilo friji ni imara kuliko imani yangu. Na ya kutoka Nairobi? Kulikuwa na hati ya kupokea mzigo: idadi ya vichupa, sahihi, muhuri. Walihesabu. Vilikuwa vimetimia.

Kile kijana wa maziwa angekubali mtungi kwa kuhesabu?

Na msiniambie eti mambo haya ni ya Wazungu, sisi hatuwezi. Nenda zahanati yoyote ndogo ya Bomet siku ya kliniki ya watoto, umuombe muuguzi akuonyeshe kibandiko kilicho kwenye vichupa vya chanjo. Kuna mraba ndani ya duara. Joto likizidi, mraba unaendelea kuwa mweusi mpaka unafanana na duara, na chanjo inatupwa. Teknolojia hiyo ilianza kwenye chanjo ya polio mwaka 1996. Muuguzi huyo huyo anajua pia kupima kama chanjo iligandishwa: anachukua kichupa kimoja anakigandisha makusudi, anakiyeyusha, anakitikisa pamoja na kile anachokishuku, anaviweka mezani na kutazama kipi kinashusha mashapo haraka. Hicho nacho ni kipimo cha mabonge! Kwa macho, na kimefundishwa nchi nzima. (Tafadhali usimfanyie hivyo Herceptin, kuitikisa ndiko kunaiharibu.) Ninachosema ni kwamba tuna watu wanaojua kushuku kichupa. Tumewafundisha kwa chanjo ya bure, tukaacha kwa dawa ya 40,000.

Kuna wale wataniambia natia wagonjwa hofu. Kina mama wataogopa, wataacha matibabu. Naliheshimu hilo, na nasema waziwazi: usiache dozi yako kwa sababu ya maneno yangu. Dawa nyingi zinafika salama, na saratani isiyotibiwa haina mjadala. Lakini hofu haitokani na kupima. Hofu inatokana na karatasi yenye 4 mwezi mzima.

Na kupima kunaweza kutuletea habari njema, hilo watu hawalifikirii. Angalia Dadaab. Wenye kisukari katika kambi ya Dagahaley walikuwa wanalazimika kutegemea friji la kliniki kwa insulini, kwa sababu nyumba za kule zinacheza kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini si kingamwili, lakini ni protini, na kanuni ilikuwa ile ile ya kuogopa joto. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva wakapima joto la nyumba zenyewe, wakaiga mabadiliko hayo maabara kwa wiki nne, wakaichunguza insulini kwa kromatografia. Ikakutwa ziko sawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Yaani vipimo viliwaondolea wagonjwa safari, havikuwaongezea. Pengine vichupa vyetu vingi vinavyotupwa kwa sababu stima ilipotea saa mbili bado ni vizima. Pengine vingine vinavyotumika vimeshakufa. Kwa sasa tunatupa kwa kubahatisha na kuchoma kwa kubahatisha.

Kuna kundi lingine ambalo litarukia hapa kusema, ndiyo maana mimi nataka ile ya asili tu, sitaki zile za kuiga. Hapana buda. Dawa zinazofanana na Herceptin zilizosajiliwa vizuri zinapaswa kuonyesha kwenye vipimo hivi hivi kwamba hazina mabonge zaidi ya ile ya kwanza. Na barabara ya Narok haiangalii jina la kampuni kwenye boksi. Dawa ya asili ikihifadhiwa vibaya inaharibika vile vile.

Kwa hivyo ninataka nini? Sitaki kila hospitali inunue mashine ya kromatografia, nani ataitengeneza ikiharibika. Nairobi kuna Maabara ya Taifa ya Kudhibiti Ubora wa Dawa, na MEDS wana maabara yao, zote zinatambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Bodi ya Famasia na Sumu ina mamlaka ya kuchukua sampuli sokoni. Basi wachukue mwisho wa barabara. Sampuli ya ghala la Nairobi inaniambia habari za Nairobi. Mimi nataka kichupa kilichokaa wiki tatu kwenye friji la Bomet, kimeshakutana na matuta ya Mulot na stima yetu, kiende kikahesabiwe mabonge, na matokeo yatangazwe pamoja na jina la kituo. Kichupa kimoja kwa kila shehena. Ni pesa, ndiyo. Dozi 18 kwa 40,000 ni 720,000 kwa mwanamke mmoja, pesa inayotoka mfukoni mwako na inayokatwa kwenye payslipu ya mwalimu. Mwenye kulipa hiyo akikataa kulipia kipimo kimoja, huyo hajali kama alinunua dawa au supu.

Na boksi lisafiri na kifaa cha kurekodi joto, vile vidogo kama flashi, kinachoandika chenyewe na hakijui kudanganya na kalamu. Kifunguliwe mbele ya mpokeaji. Kama kuna saa nne za nyuzi 19, mzigo urudi, kama maziwa.

Wewe ambaye una dozi wiki ijayo, au mama yako anayo, huhitaji kusubiri Nairobi. Mwambie aliye na dawa aandike namba ya toleo kwenye kitabu chako, kila dozi, ili ukipata shida ijulikane ni shehena gani. Omba kuona kichupa kabla hakijachanganywa, na baada ya unga kuyeyuka kitazamwe dhidi ya karatasi nyeupe na kitu cheusi, kwenye mwanga. Ukiona vitu vinaelea, simamisha. Soma kwenye dripu imeandikwa chumvi au glukosi. Uliza ilifika lini na rekodi ya safari iko wapi. Ukipata homa, kutetemeka au kifua kubana wakati wa dripu, mwambie muuguzi hapo hapo. Hilo linaweza kutokea hata kwa dawa safi, hasa dozi ya kwanza, lakini liandikwe na liripotiwe kwa Bodi. Hata mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti.

Uliza kwa upole. Hao wauguzi hawakununua friji, na wengi wanafanya miujiza. Ukikuta mfamasia anakufungulia rekodi bila kununa na namba zinapanda na kushuka kama friji la kweli, nitumie jina la hospitali. Hao nataka kuwataja wiki ijayo, kabla sijarudi kwa wale wa 4 na 4.